Akiba Haiozi? Somo la Chakula Kilichohifadhiwa, Kutoka Kichanja cha Kijiji Hadi Jiko la Kiwalani

Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mtunza fedha methali hii haina shaka. Kwa mtunza chakula inahitaji masharti, kwa kuwa akiba ya chakula huoza, na wakati mwingine huharibika bila kutoa harufu wala kubadilika ladha. Somo hili linahusu masharti hayo. Limeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa zahanati na vituo vya afya vya mijini, pamoja na wagonjwa na familia wanazozihudumia. Mfano wetu ni Kiwalani, kata ya Dar es Salaam iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, yenye nyumba zilizosongamana na familia nyingi za wapangaji zinazotumia ua mmoja.

Huenda msomaji akauliza: Kiwalani hakuna mashamba wala vihenge, uhifadhi wa chakula unaihusu vipi? Jibu limo katika vyungu vya Kiwalani. Unga wa ugali umetokana na mahindi yaliyokaushwa Dodoma, Iringa au Rukwa. Dagaa wamekaushwa Mwanza, Kigoma au Zanzibar. Karanga za mchuzi, makopa ya muhogo, kunde, maharage na papa mkavu ni vyakula vilivyohifadhiwa na mikono ya watu wengine, mahali pengine, miezi kadhaa kabla ya kuliwa. Kwa hiyo mkazi wa mjini hula akiba kila siku, ingawa hakuiweka yeye.

Hoja kuu ya somo ni hii: zamani aliyehifadhi chakula ndiye aliyekila, na makosa yake yaligunduliwa na kusahihishwa na jamii yake. Siku hizi mhifadhi na mlaji hawajuani. Maswali yaliyokuwa yakiulizwa kijijini wakati wa kuanika na kuweka ghalani hayaulizwi tena na mtu yeyote, hata mjini. Sharti mtu ayaulize, na anayefaa kuanza ni mhudumu wa afya pamoja na kaya anayoihudumia.

Uhifadhi wa pamoja ulivyofanya kazi

Katika jamii nyingi za Tanzania, kuhifadhi chakula hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Usukumani na Unyamwezini, viazi vitamu huvunwa kwa wingi na kwa muda mfupi, hivyo majirani hushirikiana kumenya na kukata. Vikikaushwa vibichi huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa na kuwekwa kwa ajili ya kiangazi. Katika maeneo ya ziwa muhogo huvundikwa na kukaushwa kuwa udaga. Pwani samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa kuwa ng'onda, na dagaa wa Zanzibar huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa juani.

Kazi hizi zilifanywa kwa ujima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wingi wa mavuno: kaya moja haiwezi kumenya na kukausha gunia kumi za viazi kabla havijaharibika. Ya pili haizungumzwi sana, lakini kwa afya ndiyo muhimu zaidi. Palipo na watu wengi pana macho mengi. Bibi mwenye uzoefu aliuona muhogo ambao haujalowekwa vya kutosha akasema urudishwe majini. Aliyepeta mahindi alizitenga punje zilizobadilika rangi. Mtoto alifundishwa kuvunja punje kwa meno na kusikiliza mlio wake ili ajue kama imekauka. Kila hatua ilikuwa na mkaguzi, na mkaguzi huyo alijua kwamba yeye na wanawe watakula chakula kile kile.

Tusiipambe zamani kupita kiasi. Jamii hizo zilikuwa na njaa, wadudu na hasara, na baadhi ya sumu hazikuweza kuonekana kwa macho ya mtu yeyote. Hata hivyo zilikuwa na utaratibu wa ukaguzi, na utaratibu huo ndio uliopotea chakula kilipoingia safari ndefu ya soko.

Siri ya uhifadhi ni maji

Karibu njia zote za asili za kuhifadhi chakula zinalenga jambo moja, yaani kuwanyima vijidudu maji wanayoyahitaji. Jua huyavukiza maji. Moshi huyapunguza na kuacha kemikali zinazozuia vijidudu. Chumvi na sukari huyafunga yasitumike. Njia inayotofautiana kidogo ni ya uchachushaji, kama ule wa togwa na maziwa mgando, ambako bakteria wasio na madhara hutengeneza asidi inayowazuia bakteria wa maradhi wasistawi.

Mahindi yanayovunwa yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kati ya tarakimu hizo mbili ndimo hatari ilimo. Punje zikiwekwa ghalani zikiwa bado na maji, kuvu huota. Baadhi ya kuvu, hasa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini. Kuvu hao huweza kuanza kuishambulia punje tangu shambani, hasa mmea unapopata ukame au wadudu wanapotoboa punje, kisha sumu ikaongezeka ghalani.

Aflatoksini ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, wakati zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Sumu hiyo haina rangi wala ladha ambayo mlaji angeitambua. Moto wa kupikia ugali au uji haitoshi kuiteketeza. Kuvu anaweza kufa kwa kuchemshwa, lakini sumu aliyokwisha kuitoa hubaki.

Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi kwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni za aflatoksini zote kwa jumla, na sehemu 5 kwa bilioni za aina ya B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Ili kuielewa tarakimu hiyo, fikiri gramu moja ya sumu iliyotawanywa sawasawa katika tani 100 za mahindi. Kiasi hicho kidogo ndicho kikomo. Hakuna pua wala ulimi unaoweza kukipima.

Akiba ilipogeuka msiba

Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua kutokana na sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao walifariki. Walikula mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa katika eneo lao, yakiwa yamewekwa ndani kabla ya kukauka vizuri.

Mwaka 2016 msiba kama huo uliifika Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 walifariki dunia. Dalili zilikuwa maumivu ya tumbo, kutapika, manjano ya macho, na kuvimba tumbo na miguu. Ugonjwa ulionekana wa ajabu hapo mwanzo, kwa kuwa haukuwa malaria wala homa ya kawaida, na uliwashika watu kadhaa wa kaya moja. Uchunguzi wa chakula ulionyesha kwamba mahindi waliyokuwa wakiyala ndiyo chanzo.

Mkazi wa Kiwalani asiyaone matukio hayo kuwa ya mbali. Dodoma na Manyara ni sehemu ya nchi inayolilisha jiji. Mahindi hupita katika masoko makubwa kama Kibaigwa, huingia Manzese na Tandale, yakafika mashine za kusaga za mitaani, kisha dukani kwa jirani. Njiani shehena za wakulima wengi huchanganywa. Mchanganyiko huo huipunguza makali sumu ya gunia moja baya, na hiyo ni sababu mojawapo ya vifo vya ghafla kuonekana zaidi vijijini, kaya inapokula ghala lake lenyewe siku hadi siku. Lakini mchanganyiko huo huo huisambaza sumu kidogo kidogo kwa watu wengi. Mlaji wa mjini anahatarishwa zaidi na kiasi kidogo cha sumu kinachoingia mwilini kila siku kwa miaka mingi.

Madhara ya muda mrefu yanajulikana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ini ndilo linaloumia zaidi. Mtu mwenye maambukizi sugu ya homa ya ini ya aina B akila aflatoksini, hatari yake ya kupata saratani ya ini huongezeka maradufu mara nyingi. Shirika la Afya Duniani hutaja ongezeko la hadi mara 30 likilinganishwa na aliye na sumu hiyo peke yake. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini, ambayo imo katika chanjo ya mseto anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ni sehemu ya kinga dhidi ya madhara ya chakula kibovu. Mzazi anayeikosesha chanjo hiyo familia yake huliacha ini la mtoto bila ngao moja kati ya mbili.

Njia ya mkato: funzo la muhogo

Mfano wa pili unatoka nje ya mahindi. Unaonyesha jinsi haraka ya soko inavyoweza kuvunja utaratibu wa jamii nzima.

Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi. Jamii zinazoulima zina taratibu za kuiondoa, yaani kuuloweka kwa siku kadhaa, kuuvundika, kuutwanga na kuuanika. Utaratibu huo ukifupishwa wakati watu hawana chakula kingine, hasa chenye protini, hutokea ugonjwa wa konzo. Mtu mzima wa afya, au mtoto, huamka miguu ikiwa imekakamaa, na ulemavu huo hauponi. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kongo. Tanzania iliuona katika wilaya ya Tarime katika miaka ya 1980.

Katika eneo la Bandundu, Kongo, watafiti walipouchunguza ugonjwa huo walikuta kwamba barabara ya lami iliyolifungulia eneo hilo soko la Kinshasa ilikuwa imeugeuza muhogo kuwa bidhaa ya haraka. Wanawake waliokuwa wakiuloweka kwa siku tatu walianza kuutoa baada ya siku moja ili lori lisiwaache. Walioumia hawakuwa wanunuzi wa mjini, ambao walikula muhogo pamoja na vyakula vingine. Walioumia ni wazalishaji wenyewe, waliobaki na muhogo ule ule bila maharage wala samaki. Protini ina vijenzi vyenye salfa vinavyousaidia mwili kuiondoa sianidi. Anayekosa protini hukosa kinga hiyo.

Mnunuzi wa mjini ana mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba bei na haraka yake huamua jinsi mzalishaji atakavyohifadhi. Anayedai makopa ya bei ya chini kabisa bila kuuliza yalivyotengenezwa anailipia njia ya mkato. La pili ni la jikoni: unga wa muhogo usioaminika unaweza kupunguzwa sianidi kwa njia rahisi. Unalowanishwa kwa maji hadi uwe rojo zito, unatandazwa katika tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, unaachwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, ndipo unapikwa siku hiyo hiyo. Muda huo huipa sianidi nafasi ya kutoka hewani.

Kiwalani na hewa ya pwani

Tuseme mahindi yamekaushwa vizuri Dodoma, hadi chini ya asilimia 13.5. Je, yakifika Kiwalani yamesalimika? La. Nafaka hubadilishana maji na hewa inayoizunguka. Dodoma hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Dar es Salaam hewa ina unyevunyevu mwingi, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei. Nafaka kavu ikiachwa katika gunia la kawaida, juu ya sakafu ya saruji, ndani ya chumba kisichopitisha hewa, huyanywa maji ya hewa polepole mpaka inarudi katika hali inayomfaa kuvu. Sakafu inayopata maji ya mvua huharakisha jambo hilo.

Hivyo ushauri unaofaa kijijini haufai wote mjini. Kwa kaya ya Kiwalani tunashauri yafuatayo.

Kwanza, nunua kiasi kinacholiwa kwa muda mfupi. Unga hasa usilimbikizwe. Wa wiki mbili unatosha kaya nyingi. Wakati wa masika punguza zaidi.

Pili, weka nafaka na unga katika chombo chenye mfuniko unaobana, kama ndoo safi ya plastiki iliyokauka. Ndoo ikae juu ya chaga au matofali, mbali na ukuta. Kwa wanaonunua gunia zima, ipo mifuko maalumu yenye tabaka za ndani zisizopitisha hewa. Huwaua wadudu kwa kuwanyima oksijeni na huizuia nafaka isinywe maji. Mifuko hiyo haikaushi. Mahindi mabichi yakifungiwa humo yataharibika.

Tatu, pima unyevu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kiasi cha kijiko kimoja cha mezani, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuwekwa. Isiponata, unyevu uko chini ya hapo, na kuyaanika siku moja zaidi ni tahadhari njema.

Nne, chambua kabla ya kusaga. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizonyauka au zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi zitengwe. Karanga zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitengwe vilevile. Kuchambua hakuondoi hatari yote, kwa kuwa punje nzuri kwa sura inaweza kubeba sumu, lakini sehemu kubwa ya sumu huwa katika punje chache mbaya. Zilizotengwa zisipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hurudi kwa njia ya maziwa. Kumbuka kwamba unga hauchambuliki. Mashine ya kusaga ndiyo mahali pa mwisho ambapo jicho la binadamu linaweza kusaidia.

Tano, fahamu tofauti ya dona na sembe. Sumu hujikusanya zaidi katika ganda na kiini cha punje, ambavyo sembe huondolewa na dona hubaki navyo. Dona ina nyuzi na vitamini zaidi, na wagonjwa wa kisukari hushauriwa kuitumia. Ushauri huo ubaki, ila dona itokane na mahindi yaliyochambuliwa na mlaji au na mtu anayemwamini. Dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe yake.

Uji wa mtoto

Mtoto mdogo hula chakula kingi kulingana na uzito wake, na mara nyingi hula chakula cha aina moja. Utafiti uliofuatilia watoto 166 katika mikoa ya Iringa, Tabora na Kilimanjaro ulikuta alama za sumukuvu katika miili ya wengi wao, na ukahusisha sumukuvu na ukuaji hafifu. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara na upungufu wa chakula, na sumukuvu ni mojawapo inayozuilika.

Akina mama wengi wa mjini hununua au husagisha unga wa lishe wenye mahindi na karanga pamoja. Vyakula hivyo viwili ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na aflatoksini. Kwa hiyo tunashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na aendelee kunyonya baadaye. Ni kweli kwamba sumu kidogo hupita katika maziwa ya mama anayekula chakula kibovu, lakini kiasi hicho ni kidogo kuliko cha uji, na faida za kunyonya ni kubwa mno. Dawa ni kukisafisha chakula cha mama. Uji wa nyongeza utumie ulezi, mtama au mchele kwa zamu na mahindi. Karanga zisisagwe pamoja na unga wa kukaa muda mrefu. Zichambuliwe, zikaangwe na kusagwa kidogo kidogo, zitiwe katika uji unapopikwa. Yai, maharage yaliyopondwa na unga wa dagaa waliooshwa vizuri huongeza protini bila kuitegemea karanga peke yake.

Samaki mkavu, dagaa na mgonjwa wa shinikizo la damu

Chakula kilichokaushwa si hatari kwa asili yake. Dagaa wakavu ni miongoni mwa vyakula bora na vya bei nafuu alivyo navyo mkazi wa Kiwalani, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao na hutoa protini na kalisi. Wale wanaokaushwa juu ya vichanja ni safi kuliko wanaokaushwa mchangani, ambao huchukua mchanga na vijidudu vya kinyesi cha wanyama. Mnunuzi aangalie rangi ya kung'aa, harufu isiyo ya uvundo na ukavu unaovunjika mkononi. Waoshwe kwa maji ya moto na wapikwe hadi waive. Samaki mkavu asiyeguswa hata na nzi mmoja sokoni aulizwe maswali, kwani viuatilifu visivyo vya chakula havipaswi kabisa kunyunyiziwa kitoweo.

Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, tatizo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, zikihesabiwa zote, za mezani na zilizofichwa. Kipande cha papa wa chumvi, ng'onda, achari ya embe au ndimu ya kukausha kinaweza kuchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho. Mgonjwa anayesema hatii chumvi mezani anaweza kuwa mkweli na bado akawa anakula chumvi nyingi. Samaki wa chumvi alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili au tatu, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Hata hivyo chumvi haitoki yote, hivyo awe kitoweo cha nadra. Mgonjwa wa figo apate ushauri wa mtaalamu wa lishe kabla ya kula dagaa na samaki wakavu kwa wingi.

Kwa mhudumu wa afya

Historia ya mgonjwa katika kliniki zetu huwa na maswali mengi kuhusu dawa na machache kuhusu ghala. Tunapendekeza maswali manne yaulizwe kwa heshima, baada ya salamu, bila kumfanya mgonjwa ajione anatuhumiwa: "Mama, unga mnaoutumia nyumbani mnaununua wapi, au mnasagisha wenyewe? Mnauweka wapi? Je, mahindi yalichambuliwa? Na kitoweo cha wiki hii kilikuwa cha aina gani?" Maswali hayo huchukua dakika mbili.

Anapokuja mgonjwa mwenye manjano, tumbo lililovimba na kutapika, fikiria homa za ini zinazosababishwa na virusi, malaria, dawa, mitishamba na pombe, kisha ongeza aflatoksini katika orodha, hasa wagonjwa wawili au zaidi wakitoka katika kaya moja au duka moja la unga. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo. Tiba ni kuacha chakula hicho mara moja na kulisaidia ini. Kwa sababu hiyo kugundua mapema ni muhimu kuliko kila kitu. Iambie familia isikitupe chakula kinachoshukiwa. Kifungwe, kiandikwe tarehe na mahali kiliponunuliwa, na taarifa ipelekwe kwa afisa afya wa kata na mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo. Chakula kikitupwa, ushahidi utakaowaokoa majirani hutupwa pamoja nacho.

Kuurudisha ujima uani

Tulisema kilichopotea ni macho mengi. Mazingira ya Kiwalani yana fursa ya kuyarudisha. Nyumba moja ya wapangaji ina familia nne, tano au zaidi. Vipo vikundi vya kuweka na kukopa, vipo vikundi vya akina mama vya misikiti na makanisa, wapo wajumbe wa mashina na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Familia za ua mmoja zikichanga, zikanunua gunia la mahindi kwa mfanyabiashara mmoja anayejulikana, zikalimwaga juu ya turubai safi na kulichambua pamoja Jumamosi asubuhi, kisha zikasagisha na kugawana, zitakuwa zimerudisha mambo matatu kwa mara moja: bei ya jumla, ukaguzi, na uwajibikaji wa muuzaji, ambaye atajua kwamba mteja wake akikuta punje mbovu hatanunua tena, na wala si mteja mmoja.

Serikali ina wajibu wake. Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosimamia ubora wa chakula, na mradi wa TANIPAC ulianzishwa ili kudhibiti sumukuvu kuanzia shambani hadi ghalani. Lakini hakuna mkaguzi atakayefika katika kila ndoo ya unga. Sehemu iliyobaki ni ya mwenye ndoo na majirani zake.

Hitimisho

Akiba haiozi kama imekauka, imechambuliwa, imefungwa, na ina mtu anayeiangalia. Mwanakijiji aliyajua masharti hayo kwa kuwa aliishi na ghala lake. Mkazi wa mjini anaweza kuyajua kwa kuuliza, na mhudumu wa afya anaweza kumfundisha kuuliza.

Maswali ya kujadili katika kikundi au kliniki

1. Taja vyakula vitano vilivyohifadhiwa ulivyokula wiki hii. Unajua vilikaushwa wapi na kwa njia gani?
2. Kwa nini kuchemsha uji kwa muda mrefu hakumkingi mtoto na aflatoksini?
3. Mahindi yaliyokaushwa vizuri bara yanawezaje kuharibika Dar es Salaam?
4. Mgonjwa wako wa shinikizo la damu anapenda ng'onda. Utamshauri nini bila kumnyima kitoweo chake moja kwa moja?
5. Watu watatu wa kaya moja wamekuja na manjano na kutapika. Utauliza nini, utahifadhi nini, na utamjulisha nani?